Punje ya Chuma Jichoni

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nasema mapema ili mtu asije akanihurumia bure: nilijua. Lililotokea siku ile nje ya chumba cha mashine nilikuwa nimelisoma, nimelifanyia mtihani na nikapasi. Asiyejua ana udhuru. Mimi sina.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa kuchomelea katika gereji moja Miritini, pale malori yanapoegeshwa kungoja mizigo. Kazi yake ilikuwa trela: kuunga chesi iliyopasuka, ile fremu ya chini, kutia kiraka sakafuni, kisha kusaga kwa grainda mpaka mshono ulale. Tumezaliwa wawili tu, na mama alipofariki tukabaki hivyo hivyo wawili. Mimi nilikaa nyumba ya mama huku Shika Adabu, upande wa pili wa feri, yeye akapanga chumba karibu na gereji, kwa kuwa kuvuka feri asubuhi na jioni kunamla mtu. Tulikuwa tukionana Ijumaa, akipata nafasi. Alikuwa akija na samaki wa kukaanga waliokwisha kupoa, tukala, tukagombana kidogo, akaenda zake.

Halafu ndara zikaanza kumvuka. Ndivyo ilivyoanza, na alinieleza kwa simu huku anacheka. "Dada, naondoka na ndara mbili nafika na moja, na wala sijui imenitoka wapi." Nikamwambia anunue viatu vya kufunga. Huo ndio ushauri aliopewa na dada yake msomi! Wiki mbili hazikupita, akaanguka kutoka kwenye ngazi ya trela. Hakuteleza, ni goti tu lilikataa. Wiki ya tatu wenziwe wawili wa gereji walimleta kwa tuktuk, wakamteremsha mlangoni kwangu wamemshika makwapa, na yeye anawatania ati wanamwingiza ndani kama bi harusi. Niliwapikia chai, na sukari nyingi ikaishia sakafuni.

Daktari wa mgongo alimgonga magoti kwa kinyundo, akamkwaruza nyayo kwa ufunguo, kisha akaniita pembeni. Kuna kitu kinabana uti wa mgongo, akasema, na bila picha ya MRI hawezi kupasua, maana hajui apasue wapi.

"Na msikae sana, mwalimu. Hapa tunahesabu siku. Kikizidi kubana, miguu haitarudi."

"Siku ngapi?"

"Mimi si Mungu," akasema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mashine tuliyopangiwa ilikuwa ng'ambo, kisiwani, na waliokuwa wakiingoja ni wengi kutoka kila upande. Nilipiga simu kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, mpaka mtu wa mapokezi akawa anaijua pumzi yangu kabla sijamsalimu. Siku ya nane akaniambia kuna mgonjwa ameahirisha. Njooni kesho, Alhamisi, saa tatu.

Alasiri ile nilimkuta mdogo wangu barazani, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele yake na anaitazama kwa chuki.

"Hebu nieleze hiyo mashine itanifanya nini," akasema. "Isije ikaniunguza."

"Haikuunguzi. Ni sumaku tu, ila kubwa."

"Sumaku naijua mimi. Inavuta chuma. Mimi si chuma."

"Wewe ni maji," nikamwambia. "Mwili wako mwingi ni maji, na kwenye maji kuna haidrojeni."

Nikamweleza kama ninavyopenda kueleza, maana hiyo ndiyo sehemu ya fizikia iliyonifanya niipende. Kila atomu ina kiini, na ndani ya kiini mna protoni, na kila protoni ina mzunguko wake. Si kwamba inazunguka hasa kama pia ya watoto, lakini mwelekeo inao, na kwa mwelekeo huo inakuwa sumaku ndogo mno. Sasa, protoni mbili zilizo sawa kwa kila kitu haziwezi kukaa katika hali moja ndani ya kiini. Ya pili lazima igeuke kinyume na ya kwanza. Moja juu, moja chini, zikafutana. Nyutroni nazo hufanya hivyo hivyo. Ndiyo maana kaboni ya kawaida iko kimya mbele ya sumaku, na oksijeni iko kimya vile vile: kila chembe ina mwenzake aliyeipa mgongo. Lakini kiini cha haidrojeni ni protoni moja tu. Haina mwenzake wa kuifuta. Mashine ikiiita, inaitika.

"Kumbe inatafuta makapera," akasema. "Basi kwangu itashiba."

Nilicheka mpaka nikajifuta macho kwa leso. Mke wake alikuwa amekwenda zake miaka mingi nyuma, na yeye hakutaka tena kusikia habari ya ndoa.

"Na itawajuaje kuwa ni wangu? Wakichanganyika na wa jirani?"

"Hakuna wako wala wa jirani. Wote ni sawa. Si kwamba wanafanana, la, ni sawa hasa. Protoni ya gotini kwako na protoni ya maji ya bahari hapo Mtongwe, ukizibadilishana, hakuna kitu duniani kitakachojua umezibadilisha."

"Hapo sasa waniongopea, dada."

"Wallahi tena."

"Mimi niletee mishono kumi ya mafundi kumi, nitakutolea wangu kwa kupitisha kidole tu. Hakuna vitu viwili vilivyo sawa. Kuna mtu hajaangalia vizuri."

Sikubishana naye. Hata mimi nilipofundishwa jambo hili chuoni nilichukia, nikatoka darasani naona kama nimetukanwa. Yaani ukienda chini kabisa, mtu wako hana alama yoyote ya kuonyesha kuwa ni mtu wako? Nilimtazama mdogo wangu pale barazani nikaona hapana, huyu anayo. Nikamsaidia kuingia ndani.

Asubuhi tulivuka na kiti cha magurudumu tulichoazima msikitini. Saa mbili u nusu tulikuwa tumeshafika. Mbele yetu alikuwa mzee mmoja amejikunja kwa maumivu, na binti anayeendesha mashine, kijana lakini mkali, alikuwa akimsomea maswali. Mzee akataja kuwa ujanani alikuwa akisaga vyuma kiwandani. Binti akafunga faili. "Baba, samahani. Utakwenda jengo lile ukapigwe eksirei ya macho kwanza. Ukiwa huna chuma jichoni, tutakutafutia nafasi nyingine."

"Lini?"

"Mwezi ujao, inshallah."

Mzee akainuka taratibu na kutoka. Binti akanigeukia mimi, akanipa fomu na kalamu. "Mjazie mgonjwa wako."

Swali la kwanza, mashine ya moyo: hapana. La pili, upasuaji wowote: hapana. La tatu, vyuma kwenye mifupa: hapana. La nne: mgonjwa amewahi kufanya kazi ya kuchomelea au kusaga chuma, au kuingiwa na chuma jichoni? Kalamu ikasimama.

"Andika hapana," mdogo wangu akaninong'oneza. Alikuwa amesikia yote.

"Miaka kumi na tano unachomelea."

"Na kila kilichoingia kilitolewa. Siku hiyo hiyo. Wajua tunavyotoa."

Nilijua, ndiyo. Niliwahi kushuhudia siku moja nilipompelekea chakula gereji. Fundi mwenzake alimkalisha juu ya tairi, akampanua kope kwa vidole viwili vyeusi vya grisi, akamsogezea jichoni sumaku iliyobanduliwa kwenye spika ya redio mbovu. Akaisogeza taratibu, huku mdogo wangu amekodoa jicho na machozi yanamtiririka, mpaka punje ikaruka ikanasa. Nilipiga ukelele. Wakanicheka gereji nzima. "Mwalimu, hii ndiyo hospitali yetu." Sumaku ile ilikuwa na mahali pake ukutani, imetundikwa kwenye msumari, na kila fundi alijua ilipo.

Basi yeye aliamini. Mafundi wote pale waliamini. Lakini mimi nilijua kuwa sumaku ya spika huokota kilicho juu juu. Punje iliyoruka kwa kasi kutoka kwenye grainda, ikapenya ikatulia ndani, haiondoki kwa hiyo. Jicho huuma siku mbili, kisha likanyamaza, na fundi akamshukuru Mungu akarudi kazini.

Nikawaza mwezi ujao. Nikaangalia miguu yake juu ya vikanyagio vya kile kiti, mmoja umepinda ndani na mwenyewe hana habari. Daktari alisema siku.

Nikatia tiki kwenye hapana. Nikaandika jina langu, palipoandikwa kazi nikaandika mwalimu, na palipoandikwa uhusiano nikaandika dada.

Binti akaipitia haraka. "Hana chuma mwilini?"

"Sina," mdogo wangu akajibu.

Mimi nikamrudishia kalamu. Wakamchukua chumba cha pembeni kumvua nguo na kumvisha gauni lao, nami nikabaki kwenye benchi na mkoba wake, simu yake na mshipi wake mapajani. Hapo ndipo ujuzi wangu ukanigeukia. Ningekuwa muuza maandazi ningekaa pale nikavuta tasbihi yangu kwa amani. Mimi nilikuwa naona. Zile protoni za maji yake zingegeuka bila kumdhuru, maana kugeuka kwa protoni hakukati kitu. Nyingi zingefutana juu na chini, na picha nzima ingetokana na chache mno zilizozidi upande mmoja. Jambo la upole kabisa. Lakini chuma si hivyo. Punje ya chuma imegawanyika ndani katika vijisehemu tunavyoviita vitongoji; elektroni za kila kitongoji hukubaliana, mizunguko yao ikaelekea upande mmoja, na sumaku ile kubwa ingevipanga vitongoji vyote pamoja. Ndiyo maana sumaku hukishika chuma kizima kizima ikakiburuta. Sumaku ya mashine ile haizimwi. Akipitishwa tu mlangoni, punje yoyote iliyomo jichoni ingegeuka na kutafuta njia, na njia yenyewe ni nyama ya jicho.

Huenda hamna punje, nikajiambia. Huenda kweli zilitoka zote. Nikajiambia hivyo mara tatu, nne. Ee Mola wangu, nifanye nini mimi? Nikipiga kelele nimemuua miguu. Nikinyamaza namtoboa macho. Nilitamani mtu mwingine atokee aamue. Hakutokea mtu.

Wakamtoa kwenye kile chumba, amelazwa kitandani, na gauni limemkaa vibaya. Aliponiona akainua kidole gumba. Binti akaushika mlango mzito wa mashine kuufungua.

"Simama!" Sikujua kama nina sauti kubwa vile. "Ni fundi wa kuchomelea. Nimekudanganya. Ni fundi."

Binti aliurudisha mlango kwa mgongo wake. Sijapata kuangaliwa vile na mtu mdogo kwangu. "Mama, wewe wataka kunitia jela? Wataka nimpofue mtu hapa?" Akaitazama tena ile fomu. "Na eti ni mwalimu!"

Nilikubali yote. Mdogo wangu alikuwa amelala vile vile na kidole gumba bado kimesimama, akaja kukishusha polepole.

Eksirei ilipigwa mchana ule. Walinionyesha kwenye kioo: jicho la kushoto, ndani kabisa, kuna nukta nyeupe ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Nilipoiona, nilipiga magoti pale pale kwenye ukumbi nikashukuru, na sioni haya kusema. Nilijiona nimeliokoa jicho la ndugu yangu. Daktari wa mgongo akasema bila picha ile hawezi kwenda mbele, na punje haina budi kutolewa kwanza na daktari wa macho. Daktari wa macho alikuwa na nafasi baada ya siku kumi na mbili. Niliomba, nikalia, nikapiga simu kwa kila niliyesoma naye, na siku zile hazikupungua hata moja.

Katika siku zile miguu ilikufa. Siku ya nne nilimmwagia chai ya moto pajani kwa bahati mbaya, nikaruka mimi, yeye akawa ananitazama anashangaa kwa nini nimeruka. Siku ya sita mkojo ukaanza kumtoka bila habari. Nilikuwa nikimsafisha kabla ya kwenda shule, na nikirudi namkuta ameloa, amejifunika shuka mpaka kidevuni ili nisione. Hatukuwa tukitaniana tena. Mara moja tu aliniuliza, "Yule binti alikasirika sana?" nikamwambia alikasirika, akasema, "Ana haki yake." Mimi nilikuwa nikishikilia jambo moja tu: angalau jicho lipo. Kila nilipofua mashuka nilijisemea hilo. Miguu tutaona, jicho lipo.

Siku ya kumi na mbili tukaenda kwa daktari wa macho, mama mtu mzima, mpole wa kusema. Akamziba mdogo wangu jicho la kushoto, akamwambia asome herufi. Akasoma. Akamziba la kulia.

"Soma."

Kimya.

"Basi hesabu vidole vyangu."

Nikadhani hajasikia. Daktari akamulika kurunzi, akaipitisha mbele ya lile jicho huku na huku. "Unaona mwanga?"

"La," mdogo wangu akasema.

"Tangu lini?"

Akalizibua jicho la kulia, akaniangalia mimi kwanza, kwa lile jicho moja. "Kabla mama hajafariki."

Mama alikuwa na miaka minne kaburini. Kila Ijumaa alikuwa amekaa mbele yangu anakula samaki, na jicho moja halioni, na mimi ninayejua kuhesabu mizunguko ndani ya viini vya maji sikuliona hilo.

Daktari akauliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba fundi wa jicho moja hapewi trela. Tajiri wake, mwenye gereji, angemtoa kwenye kuchomelea siku hiyo hiyo, amweke kupiga rangi au kufagia. Hakuna aliyejua, hata yule mwenziwe wa sumaku. Daktari akatikisa kichwa, akatuacha kidogo akatayarishe karatasi za kuitoa punje.

Ningetulia. Mtu mzima angetulia. Lakini mimi nilikuwa nimekaa siku kumi na mbili nafua mashuka kwa ajili ya jicho lile.

"Ungeniambia!" nikamwambia. "Pale kwenye fomu ungeninong'oneza tu, dada, hilo bovu. Ningelinyamazia, wallahi. Ningekuacha uingie. Jicho limekufa zamani, lingekwenda na liende! Picha ingepatikana siku ile. Nilikuwa nakulindia nini mimi?"

"Ningekuambia mbele ya yule binti, akaliandika kwenye faili?" Alisema taratibu, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. "Karatasi za hospitali tajiri huzitaka, dada. Nikirudi kazini atauliza nilikuwa na nini. Akisoma jicho, hanipokei."

"Kukupokea!" Niliinuka kitini. "Kukupokea kwa miguu gani? Miguu imekwisha, wewe! Hiyo hairudi tena, hujui? Hujui kwamba imekwisha?"

Alinitazama. Nilitaka kuyameza yale maneno, nikanyoosha mkono nikamshika bega. Hakuutoa. Akainama akaitazama miguu yake, akavuta kikoi chake kuyafunika magoti, na daktari aliporudi na karatasi akatia sahihi mwenyewe pale alipoonyeshwa.

Punje ilitolewa. Wiki iliyofuata akapigwa picha, na safari hii aliingia mlangoni bila mtu kupiga kelele. Alikaa mle ndani muda mrefu. Tukapeleka ile picha kwa daktari wa mgongo, akaibandika kwenye taa, akaiangalia, akashusha pumzi, akavuta kiti akakaa karibu kabisa na mdogo wangu. Nilijua anataka kusema nini. Alianza mbali, kwa upole, habari ya subira, habari ya watu wengi aliowaona wakiishi vizuri, akawa anatafuta pa kuliweka lile neno.

"Usijisumbue, daktari," mdogo wangu akamwambia. "Dada ameshaniambia."